Vidonge Vyeupe Ndani ya Sanduku

Nyinyi mnaouza manukato na sabuni siku hizi, bidhaa zinawafikia zikiwa zimeshafungwa. Kizibo kimekazwa, karatasi imebandikwa, maandishi yako katika lugha tele na hakuna hata mmoja wenu anayeyasoma. Ndiyo maana nikipita dukani nikiuliza, "Hii ina nini ndani?" mnanitazama kama nimeuliza umri wa mama zenu. Haya, kaeni. Chai ipo, na anayetaka kuchezea simu akaichezee huko barabarani.

Nilifanya kazi katika duka la Mzee Salum, mjini karibu na soko kuu, tangu nikiwa msichana mpaka magoti yalipokataa kupanda ngazi ya stoo. Mzee Salum alizaliwa Bujumbura, na baba yake pia. Babu yake ndiye aliyetoka Omani, lakini yeye mwenyewe alikuwa anagombana na wachuuzi kwa Kirundi kizuri kuliko changu. Upande wa mbele wa duka tuliuza udi, ubani, kafuri, marashi ya kupima kwa sindano, na esansi za kutia kwenye keki na barafu. Nyuma kulikuwa na javeli, ile dawa ya maji ya kung'arishia nguo na kuulia vijidudu, amoniaki, kreseli na dawa za mende. Wateja walishangaa vitu hivyo kukaa chini ya paa moja. Mzee aliona ni biashara ileile, kwa sababu vyote vinaingia mwilini kupitia pua na ngozi, na mwili hauulizi kama ulivinunua mbele ya duka au nyuma.

Nilipoanza kazi alinipa chupa ya amoniaki niipange rafuni. Nilitaka kujua ni kitu gani, nikafungua, nikaingiza pua kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. Nilijikuta nimekaa sakafuni katikati ya maboksi ya sabuni, machozi yananitiririka, nikiamini ndio mwisho wangu. Mzee alikuja polepole, akafunga kizibo kwanza, ndipo akanitazama mimi.

"Pua haina mufuniko, Zena," akasema. "Ukiiharibu hiyo, mi sina ingine ya kukupa."

Akanionyesha inavyofanywa. Unashika chupa mbali na uso, usawa wa kifua, unapepea kwa kiganja, unavuta kidogo tu. Kisha unaiacha pua ipumzike. Kati ya harufu moja na nyingine unanusa kiwiko chako mwenyewe, pale pasipopakwa kitu, na pua inarudi nyumbani. Nyinyi naona mnawawekea wateja vikombe vya punje za kahawa. Ni mapambo mazuri, lakini kiwiko ni cha bure na hakiishi.

Wakati wa vita javeli ilikuwa ikinunuliwa zaidi kuliko marashi. Kipindupindu kilikuwa kimeingia, watu wamejaa katika viwanja na makanisa, maji hayaaminiki. Ndipo nilipojifunza kwamba mtu mwenye hofu huchanganya vitu. Shangazi yangu, mwanamke msafi mpaka anachosha, aliosha choo chake kwa javeli, akaona haitoshi, akamimina juu yake ile asidi ya kung'olea kutu, mlango ameufunga ili harufu isitoke. Alitoka akitambaa, anakohoa, sauti imekwisha. Alikaa muda mrefu akiongea kwa kunong'ona, na mume wake, Mungu amrehemu, alituambia pembeni kwamba nyumba haijawahi kuwa na amani namna ile. Sisi tulicheka, lakini mapafu ya shangazi hayakurudi kama zamani. Javeli inakaa peke yake. Usiipe asidi, usiipe siki, usiipe amoniaki. Na usimwamini mtu anayesema dawa mbili zina nguvu mara mbili.

Kulikuwa pia na jambo la makaa. Watu walikuwa wakifunga madirisha na kuziba nyufa kwa matambara, kila mmoja anaogopa risasi iliyopotea, na ndani wameweka imbabura, lile jiko la makaa, wanapikia humohumo. Halafu wanakuja dukani kunilalamikia kwamba udi wangu unawaumiza vichwa na kuwatapisha. Mzee Salum alikuwa akiwauliza swali moja: udi umeuchoma juu ya nini? Juu ya makaa. Na mlango? Umefungwa. Basi udi wa watu umesingiziwa. Makaa yakiwaka ndani yanatoa sumu isiyo na harufu yoyote, na pua haiwezi kukuonya juu ya kitu isichokisikia. Tuliwaambia waliwashe nje, na wakiliingiza ndani waache upenyo. Wengine walikubali. Wengine waliogopa risasi zaidi, na siwezi kuwalaumu.

Sasa kuhusu wanyama. Duka lilikuwa na paka aliyeitwa Waziri, mnene, mwenye dharau, kazi yake panya. Siku moja niliosha sakafu ya stoo kwa kreseli, ile dawa nyeusi inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia maji. Sote tulikuwa tukiitumia miaka yote, hakuna aliyepata hata chafya. Waziri akapita juu ya sakafu mbichi, akakaa mlangoni, akalamba nyayo zake moja moja kama kawaida ya paka. Haikuchukua muda akaanza kutoa mate, miguu ya nyuma inalegea, anatetemeka mwili mzima. Mzee Salum alimkamata, akamwosha miguu kwa maji na sabuni, akamfunga katika taulo lake mwenyewe la kuswalia alivyochanganyikiwa. Paka alipona, lakini stoo hakuingia tena, na panya wakafanya sherehe.

Mimi niliuliza imekuwaje, mbona sisi tunaikanyaga kila siku. Mzee akanijibu huku anafua lile taulo:

"Dawa ni ile moja, Zena. Mwili ndiyo haiko moja. Paka iko na tumbo yake na maini yake. Kila kitu unachouza, jiulize nani anaishi mu ile nyumba."

Nilifikiri anaongelea paka. Mambo mengine aliyonifundisha mzee yule nilikuja kuyaelewa kwa kuchelewa, na hili ndilo kubwa lake.

Kabla sijafika huko, nimkumbuke yule bwana wa nyuki, maana mkisikia wazee wa mtaa wetu wa Buyenzi wanacheka wakiona ndizi, chanzo ni yeye. Alikuwa mfugaji wa nyuki kutoka milimani juu ya mji. Alikuja kununua esansi ya ndizi, watoto wake walikuwa wanauza barafu. Akaitia chupa mfukoni mwa koti, kizibo kikalegea njiani, koti likalowa. Akafika nyumbani ananukia kama peremende, akaenda moja kwa moja kuangalia mizinga. Mwenyewe alituambia nyuki wale alikuwa amewazoea kiasi cha kuwafungulia bila moshi. Siku hiyo walimfunika.

Alirudi dukani macho hayaonekani, midomo imevimba, anataka kujua tumemuuzia uchawi gani. Mzee Salum alimpa kiti, akampa maji, akanusa lile koti kwa mbali, kisha akamtuma mtu akamuulize mfugaji mwingine, mzee zaidi. Jibu likaja: nyuki akikasirika hutoa harufu ya kuwaita wenzake vitani, na harufu hiyo ni ya ndizi mbivu. Bwana yule alikuwa amejipaka tangazo la vita. Toka siku ile, kila aliyenunua esansi ya ndizi nilimuuliza kama kwao kuna mizinga, na wengi waliondoka wakinong'ona kwamba yule mama wa marashi kichwa hakiko sawa.

Sasa niwaambie habari ya Espérance, na mtu asinikatize.

Mnajua Buyenzi ilivyokuwa. Mitaa mingine ilikuwa imegawanyika, huyu hawezi kukanyaga kwa yule, sisi tukapokea kila aliyebisha hodi. Katika kiwanja chetu, nyumba kadhaa ndani ya ua mmoja, kwenye chumba cha nyuma, alikuja kukaa Espérance na mama mkwe wake. Walikuwa wamekimbia kutoka Kamenge siku watu wa mtaa ule walipotawanyika, na njiani homa ikamchukua mtoto wake wa kwanza, Landry, ambaye alikuwa hajajua bado kukimbia vizuri. Walimzika kwenye ardhi ya watu. Mume wa Espérance alikuwa amevuka kwenda Uvira, upande wa Kongo, kutafuta kazi; alikuja mara mojamoja, na habari zake zilikuja kwa kudonoa. Walichotoka nacho Kamenge ni sanduku moja la bati. Ndani yake, chini ya vitambaa na vyombo, kulikuwa na nguo za Landry za uchanga: triko ya kijani, yaani sweta ya kufumwa, kofia mbili, soksi, na blanketi dogo lenye pindo la hariri.

Lile sanduku halikufunguliwa ovyo. Siku zile kila nyumba ilikuwa na mzigo wake uliofungwa tayari, sisi tuliuita sanduku la mbio, kwa sababu ukisikia milio unabeba hilo na mtoto, basi. Vitu vilikaa humo miezi na miezi, kifuniko kimebanwa, na mende wa Bujumbura hawana heshima. Mama mkwe, ambaye wote tulimwita Mukaka, yaani bibi, alikuja kuniomba kafuri. Alikuwa ameona sisi Waislamu tunaiweka kwenye maji ya kumwoshea maiti, akaipenda, akaona ni kitu safi chenye baraka, kitalinda nguo za mjukuu wake. Dukani hatukuwa nayo. Nchi jirani zilikuwa zimefunga mipaka, na kafuri ilikuwa imeadimika sawa na petroli. Nikamwambia asubiri. Hakusubiri, akanunua vidonge vyeupe barabarani kwa mchuuzi aliyemwapia kwamba ni kafuri halisi, akavimwaga sandukuni na kufunga.

Mwaka uliofuata Espérance akajifungua mtoto mwingine wa kiume, Claver. Hapakuwa na nguo za kununua, na hata zingekuwepo, alitaka zile. Sanduku likafunguliwa, mtoto akavikwa triko ya kaka yake, kofia ya kaka yake, akafungwa katika lile blanketi mpaka puani.

Nilikwenda kumwona. Nilipoinama nimbusu, harufu ikanipiga kabla ya kufika. Na alipofungua macho niliona weupe wa macho yake umekuwa wa manjano. Ngozi ya kifuani nayo, ukiibonyeza kwa kidole, ilibaki ya manjano. Ananyonya kidogo, analala, hata kulia hana nguvu.

"Mutoto anavaa nini hivi?" nikauliza. "Ananuka nini?"

"Ni kafuri, Da Zena," Mukaka akasema. "Ile yenu."

"Hii haiko kafuri, mama."

Kumbe walikuwa na vita yao wenyewe kabla sijaingia. Wanawake wa kiwanja walikuwa wameshatoa hukumu kwamba Landry anamwita mdogo wake kupitia zile nguo, kwamba mtoto atakuwa wa manjano hivyohivyo mpaka aende, na dawa yake ni kuzichoma zote. Mukaka alikuwa ameamini. Espérance alikuwa amekalia kifuniko cha sanduku, mtoto mapajani, na macho ya mtu ambaye hajalala tangu ajifungue.

"Zikichomwa, Landry atakuwa hakuzaliwa," akaniambia. "Hatuna hata picha yake. Iko hizi tu."

Niliomba bakuli la maji. Hiki mkiweke kichwani, kitawasaidia. Chukua kidonge cheupe usichokijua, kidondoshe katika maji matupu. Kafuri inaelea, na ukivunja chembe ndogo juu ya maji safi inakimbiakimbia kama ina mambo ya haraka. Naftalini inazama. Nikachukua kidonge kimoja kutoka sandukuni, nikakiachia mbele ya macho yao. Kikaenda chini moja kwa moja, kikatulia.

"Imezama," Mukaka akasema.

"Naftalini. Ya kufukuza wadudu. Landry haiko humu, mama. Iko dawa ya wadudu tu, na mutoto anaivuta toka alizaliwa."

Na hata ingekuwa kafuri nisingeitaka karibu na mtoto mchanga. Inaweza kumtia degedege. Lakini hapo hapakuwa mahali pa somo. Nilimvua mtoto kila kitu, nikamfunga katika kanga yangu iliyokuwa imeanikwa juani asubuhi ile. Sikujua kwa hakika kwamba naftalini ndiyo iliyomgeuza rangi. Nilijua tu kwamba ni sumu, na kwamba mtoto yule alikuwa anatuponyoka. Nikasema aende hospitali sasa hivi, kubwa, yenye taa za watoto na damu.

Espérance akatikisa kichwa. Hospitali kubwa iko juu, Kamenge.

"Mi Kamenge sirudi, Da Zena. Unaniomba yote, hiyo usiniombe. Ile barabara naiona kila siku nikifunga macho."

Sikubishana naye. Nililia, nawaambia ukweli, nilisimama pale nikalia, kwa sababu nilimwelewa na pia nilikuwa namwona mtoto. Mukaka ndiye aliyemaliza. Alichukua viatu vya Espérance, akapiga magoti mbele ya mkwe wake, jambo ambalo sijaliona tena maishani mwangu, akamvalisha kimoja kimoja.

Tulibahatika kwa jambo moja. Mzee Salum alikuwa anapeleka javeli hospitali ile kwa kamioneti yake, na siku hiyo ilikuwa ya kupeleka. Teksi zisingekwenda. Nilikimbia mpaka dukani, nikamkuta anafunga turubai. Nikamweleza kwa kifupi, akawa ananisikiliza huku anashusha boksi la sabuni kutoka kiti cha mbele ili Espérance apate pa kukaa.

Kwenye bariyeri ya kupandia Kamenge askari alitusimamisha. Akataka kujua kwenye bidoni, yale madumu ya nyuma, kuna nini.

"Javeli ya hospitali, mukubwa," Mzee akasema.

"Fungua."

"Nafungua. Lakini usiinuse karibu, nakuomba."

Mtu mwenye bunduki haambiwi asinuse. Akainama, akavuta pumzi ya nguvu, akarudi nyuma anakohoa, machozi yanamtoka, mwenzake akainua silaha. Espérance alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Mzee Salum hakusogea. Alichukua maji yake ya kunywa, akampa yule askari aoshe macho, akamwambia kwa sauti ya mtu anayemhudumia mteja kwamba itapita sasa hivi, atazame upande wa upepo. Ikapita. Askari akafuta uso, akachungulia ndani, akamwona mtoto.

"Anaumwa?"

"Anaumwa sana," Espérance akasema.

Akatupungia mkono tupite. Nyumba nyingi pale njiani hazikuwa na mapaa. Espérance alimfunika mtoto uso kwa kanga, ingawa mtoto hakuwa anatazama chochote.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani. Kabla hajauliza jina wala umri, aliinama juu ya mtoto, akanusa nywele zake kwa mbali, taratibu, kama alivyonifundisha Mzee Salum. Nilimpenda hapohapo.

"Naftalini," akasema. "Nguo zilikuwa mu sanduku?"

Nikamwambia zilikuwa. Akachukua damu kisiginoni, akaitazama, akatuambia kwa lugha yetu, bila kujigamba. Kuna watu wanaozaliwa na damu inayopungukiwa kitu fulani, wengi wao wanaume, wamerithi kwa mama ambaye yeye mwenyewe hana shida yoyote. Wanaishi vizuri, wanakua, wanaoa. Lakini wakivuta naftalini au ikiwaingia kwenye ngozi, chembe za damu zinapasuka, na mtoto anageuka manjano, na yale manjano yakizidi yanapanda kichwani. Mtoto mwingine angevaa nguo zilezile akapata mafua tu. Nikamkumbuka Waziri kwenye sakafu ya stoo, na nikaona aibu kwamba kwa miaka yote ile nilidhani ni hadithi ya paka.

Espérance aliuliza swali moja.

"Na Landry? Ni hii ilimuua?"

"Vidonge vilikuwa mu sanduku ile wakati?"

"Apana. Vilikuja nyuma, tukiwa tumefika Buyenzi."

"Basi haiko hii."

Akavuta pumzi, na nadhani ilikuwa ya kwanza nzima tangu asubuhi. Wakamchukua mtoto wamlaze chini ya taa ya bluu na kumwongezea damu. Damu ilitoka kwa Mzee Salum, ambaye kwa muda mrefu baadaye alikuwa akinionyesha mkono na kudai bado unamuuma. Espérance alibaki naye. Mimi alinituma nyumbani na neno moja:

"Usimuache Mukaka achome."

Nilifika kiwanjani nikamkuta Mukaka amekaa kwenye kigoda, sanduku liko wazi mbele yake, pembeni chupa ya mafuta ya taa. Alikuwa hajayamimina. Nikaiondoa chupa, nikakaa chini.

"Mutoto anaishi?" akauliza.

"Anaishi. Wanamutengeneza."

"Mi ndiyo nilivinunua," akasema. "Wote wanasema ni Landry, na mi nikasema ni Landry. Bora iwe Landry kuliko iwe mi." Kisha akajifunika uso kwa kitenge.

Nilimwambia kweli tupu: mchuuzi alimdanganya, na yeye alitaka kulinda kitu kizuri. Sidhani ilimsaidia sana. Kazi ndiyo iliyomsaidia. Tulitoa nguo zote, na nikamfundisha. Naftalini haitoki kwa sabuni, maana maji hayaiyeyushi. Inatoka kwa upepo na joto, inageuka hewa na kwenda zake. Kwa hiyo kwanza unaning'iniza nguo zikiwa kavu, mahali upepo wa ziwa unapopita, unazigeuza ndani nje. Baadaye maji ya moto, baadaye jua, halafu upepo tena. Sanduku nalo tuliliosha, tukaliacha wazi juu ya mawe. Kila asubuhi kabla ya chai, pua ikiwa bado haijaguswa na kitu, nilizinusa moja moja. Mukaka alisimama nyuma yangu kama mtu anayesubiri hukumu, na kila nilipotikisa kichwa alizigeuza upya.

Claver alirudi nyumbani mwembamba, macho yake meupe. Sasa ni mwanamume mzima, ana kadi mfukoni yenye maneno ya daktari, na kila famasi anayoingia huwaeleza juu ya damu yake kabla ya kumeza kidonge. Mama yake alimfundisha hivyo tangu akiwa mdogo.

Siku Espérance aliporudi naye kutoka hospitali, nguo zilikuwa tayari. Nilikuwa nimejiridhisha, pindo kwa pindo. Nilimpa triko ya kijani nikitegemea afurahi. Akaiweka usoni, akavuta. Akachukua kofia. Akachukua blanketi.

"Hainuki tena," akasema.

"Ndiyo. Imetoka yote."

"Yote," akasema. "Hata Landry ametoka."

Mimi niliyekuwa nasifiwa pua mji mzima sikuwa nimelifikiria hilo. Chini ya ile naftalini yeye alikuwa bado anamsikia mtoto wake.

Siku chache baadaye akaja dukani, Claver mgongoni.

"Da Zena, we unatengeneza harufu zote. Nitengenezee ya Landry."

Mzee Salum alinitazama, akaenda zake nyuma kuhesabu mabidoni. Nilimuuliza Espérance alikuwa ananukia nini. Siagi ya ng'ombe waliyompaka. Moshi wa kuni kidogo. Maziwa yaliyoganda kwenye shingo. Sabuni ya mche. Nilijaribu asubuhi nzima, matone hapa, tone pale, nikinusa kiwiko changu na kuanza upya. Nikampa. Akashika chupa mbali kama alivyoniona nikifanya, akapepea kwa kiganja, akafunga macho.

"Apana," akasema. "Haiko yeye."

Nikanyoosha mkono niichukue nikaimwage. Akaikumbatia.

"Acha. Ni nyumba yetu ya Kamenge, jikoni, asubuhi." Akanusa tena. "Tulikuwa muzuri pale."

Akakaza kizibo, akaitia ndani ya nguo kifuani, akamrekebisha Claver mgongoni na kwenda kuiweka katika sanduku.